Abiria wa Arobaini

Kwa miaka ishirini na mbili, Mama Hesabu alihesabu abiria wa basi namba tisa, akibonyeza kidude chake cha chuma kila mtu alipokanyaga ngazi. Wafanyakazi wa kampuni hawakuhesabiwa, yeye mwenyewe akiwemo.

Mwezi wake wa mwisho kazini, wakubwa walitangaza kwamba basi la asubuhi lisipofikisha abiria arobaini walau siku moja kabla ya mwezi kwisha, litafutwa. Kila siku kidude kiligoma kwenye thelathini na tisa.

“Dada, ongeza mmoja tu. Nani atajua?” dereva alimbembeleza.

“Kidole changu kitajua!” Mama Hesabu akawa mbogo.

Akastaafu siku moja kabla ya mwezi kwisha, akakabidhi kidude.

Kesho yake akafika kituoni amevaa gauni la maua, pochi kwapani. Mhesabu mpya alishabonyeza thelathini na tisa. Alipomwona, akataka kumpisha kwenye kiti cha wafanyakazi.

“Kaa, mwanangu.” Mama Hesabu akapanda ngazi kwa madaha kama bibi harusi, kisha akasimama. “Haya, nibonyeze!”