Feni Niliyoifunga Kinyume

Nimekaa na hii aibu muda mrefu, na wanaonijua mtaani kwetu Laini Saba tayari wameisikia kwa midomo ya watu wengine, kwa hivyo acha leo niiseme mwenyewe, tena bila kuipunguza: mimi Wekesa, fundi wa kuchomelea milango na madirisha (sikiza vizuri, milango na madirisha, si magari), niliharibu lori la mzee wa watu mbele ya kwaya nzima, halafu nikamwacha mzee huyo aombe msamaha kwa kosa langu.

Mzee Okoth ana lori la zamani la kubeba mchanga na kokoto, na ndilo limemlea yeye na wajukuu wake. Wiki ile rejeta yake, ile ya kupoza maji ya injini, ilikuwa imeoza, inavuja kama chujio, na feni yake ya kuzungushwa na mkanda ilikuwa imevunjika mapanga. Akatafuta rejeta nyingine kwa watu wa vyuma kuukuu, pamoja na feni ya umeme iliyotolewa kwa gari lingine kabisa. Fundi wake wa kawaida alikuwa ameenda nyumbani kwa matanga, hangerudi kabla ya Jumatatu, na Jumapili kwaya yetu ilikuwa imealikwa kuimba kwenye ufunguzi wa kanisa jipya kule Kabiro, upande wa Kawangware, na lori hilo ndilo lilikuwa la kutubeba.

Mzee alikuja kwangu kwa sababu hiyo rejeta nyingine haikuingia vizuri mahali pa ile ya zamani, alitaka nimchomelee vishikio. Vishikio tu! Ningemaliza nikaenda zangu nyumbani kunywa chai. Lakini mdomo wangu ukasema, "Mzee, kwani hiyo feni nayo ni kitu? Wacha nikufungie yote."

"Uko sure, Wekesa?"

"Ni waya mbili tu, Mzee."

Waya zenyewe zilikuwa za rangi moja, buluu iliyopauka, hakuna nyekundu wala nyeusi ya kukuambia ipi inaenda wapi kwa betri. Jumapili asubuhi nikaziunganisha nilivyoona mimi, nikaweka swichi karibu na usukani, nikabonyeza, feni ikanguruma vizuri, nami nikafunga boneti, pap! Ingenichukua muda gani kuweka mkono pale mbele nione upepo unaenda upande gani? Feni ya kukaa nyuma ya rejeta kazi yake ni kuvuta hewa baridi kutoka nje ipite kwa rejeta ipoze maji, na ukigeuza waya inazunguka kinyume, inaitoa hewa ya moto ya injini kwenda mbele, ikigombana na upepo wa barabara. Hayo nayajua leo. Siku ile nilikuwa nimewaona kina mama wa kwaya wakija na majoho yao mapya meupe, nikataka wanikute nikipangusa mikono kama mtu aliyemaliza.

Na wakanikuta. Mama Nafula, kiongozi wa kwaya, akapanda nyuma ya lori akatangaza, "Tumshukuru Mungu kwa ndugu yetu Wekesa, bila yeye leo tungeenda kwa miguu!" Wakapiga vigelegele. Mimi nikakaa mbele na Mzee, kifua nje, mkono dirishani, nikiwasalimia hata watu nisiowajua.

Ngong Road tulienda vizuri, wanaimba huko nyuma, lori linavuta. Tulipokaribia Kawangware, msongamano ukaanza, mara tunasonga, mara tunasimama, na Mzee akaanza kutazama ule mshale wa joto.

"Wekesa, huu mshale umepanda."

"Huo ni wa zamani, Mzee, unadanganya. Endesha tu."

(Hapo ndipo ninapojilaumu zaidi usiku nikikosa usingizi. Yeye aliona. Mwenye lori aliona, na mimi nikamwambia macho yake yanamdanganya.)

Akanisikiza, akaendesha. Kufika 46, kile kituo cha matatu katikati ya soko la Kawangware, injini ikagongagonga ikazima, na mvuke ukatoka chini ya boneti kama sufuria ya githeri iliyosahaulika jikoni. Mzee akalisukumiza lori kando ya barabara kwa mwendo uliobaki. Kina mama wakashuka mbio. Mimi nikafungua boneti na, kwa haraka ya kutaka kuonekana najua, nikashika kitambaa nikazungusha kifuniko cha rejeta. Maji ya kutu yakaruka juu! Yaliniunguza mkono huu, alama mnaiona, na yakawanyeshea walio karibu, majoho meupe yakawa na madoa ya rangi ya udongo.

Watu wakajaa. Mama Nafula akauliza, "Wekesa, kumetokea nini?"

Nami, ndugu zangu, nikasema, "Mzee amelisukuma sana. Nilimwambia aende polepole."

Mzee Okoth alinitazama. Akavua kofia yake, akawageukia wale kina mama akasema, "Mnisamehe, mama zangu. Labda nimelikosea mimi. Hii miguu imezeeka, haihisi tena vizuri." Na mimi nikasimama pale nikapuliza mkono wangu ulioungua, nikanyamaza.

Sasa, pua ya lori ilikuwa imesimama karibu na jiko la mama mmoja mchoma mahindi, na feni yangu, kwa vile niliipeleka moja kwa moja kwa betri, ilikuwa bado inazunguka ingawa injini imezima. Yule mama akaanza kupiga kelele. "Wee fundi! Zima hiyo kitu yako! Inanipulizia makaa, mahindi yote yanaungua!" Kweli, majivu yalikuwa yanaruka, makaa yamewaka mekundu.

Makanga mmoja wa matatu akacheka akasema, "Buda, hiyo feni inapuliza nje? Si inafaa kuvuta ndani?"

Umati ukaangua kicheko. Akatoka fundi mmoja wa hapo 46, akageuza zile waya mbili, na moshi wa mahindi ukaanza kuvutwa kuelekea rejeta, kila mtu akiona. Kazi ya dakika mbili. Halafu akachungulia injini, akatikisa kichwa. Gasketi ya hedi, ule muhuri wa juu ya injini, ilikuwa imeungua, na injini ilibidi ifunguliwe yote.

Kwaya ilitembea kwa miguu hadi Kabiro na majoho yale. Walipofika, utepe ulishakatwa na watu walikuwa wanakula. Waliimba wimbo mmoja, huku watu wakiendelea kula.

Lori lilikaa Kawangware wiki tatu bila kazi. Nilienda kila siku kumsaidia fundi wa 46 kuifungua ile injini, bila kuagizwa na mtu, na Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikasema ni mimi. Baada ya ibada nikamfuata Mzee.

"Lori litapona, Wekesa," akaniambia. "Na feni mtu yeyote anaweza kuikosea. Lakini ulinisikiliza nikiomba msamaha, ukanyamaza."

 

Siku hizi mtu akija na kitu cha gari namwambia sijui, nenda kwa wenyewe, na nikiharibu hata bawaba ya dirisha nasema ni mimi kabla mwenyewe hajaiona. Mke wangu ananicheka eti nimezidisha. Mzee Okoth alinisamehe, tunasalimiana, tunakunywa chai pamoja. Lakini mwezi uliopita mlango wa nyuma wa lori lake ulihitaji kuchomelewa, kazi yangu hasa, kazi ninayoijua macho yakiwa yamefungwa, na nikaliona likipita mbele ya kibanda changu polepole, likavuka reli inayopita mtaani kwetu, likaenda kwa fundi wa upande ule mwingine. Mzee alinipungia mkono, kwa upole kama kawaida yake. Nami nikampungia.