Makopo Mawili Ndani ya Friza

Mpangaji wa chumba cha nyuma alichomeka kibano nyuma ya sikio kama seremala na penseli yake, na vidole vyake vilinuka shombo hata avisugue kwa ndimu. Kazi yake ilikuwa kukusanya matapishi ya vifaranga wa ndege wa baharini, aina mbili za ukoo mmoja wanaotaga kwenye jabali moja, apate kujua kama ndugu hao wanagombea chakula. Kila jioni alirudi akijiimbia, akayatia frizani, kila aina na kopo lake, ayachambue msimu ukiisha. Siku moja mama mwenye nyumba, asiyeomba ruhusa jikoni kwake, aliyakaanga yote akidhani ni kitoweo, akaonja.

“Mama, hayo ni matapishi ya ndege! Msimu wangu mzima! Umeyachanganya?”

Mama akaacha kutafuna, lakini kichwa hakukiinamisha. “Nichanganye dagaa na ngisi? Mimi mpishi wa wapi? Kila kopo na kikaango chake.”

Mpangaji akachomoa kibano, akapekua sahani hii, akapekua ile: huku dagaa watupu, kule ngisi watupu. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. “Hawagombei, mama! Kila mmoja na chake!”

“Wana adabu kuliko wapangaji,” alisema mama, akakimbilia maji ya kusukutua.