Treni Yangu na Mjomba wa Kigoma

Huku Rwanda hakuna reli, ndiyo maana nilidanganya bila woga. Niliwaambia wazazi wa mchumba wangu, Zaituni, pale mtaani kwao Rwezamenyo, kwamba niliwahi kuendesha treni Tanzania. Ukweli ni kwamba treni ninazozijua ni zile ndogo za kuchezea, ambazo mimi huzikusanya na kuzirekebisha nyumbani.

Jumapili iliyopita, waliposikia kwamba nina pia treni za kuchezea, wakaomba niwaletee moja. Tangu alfajiri sikutulia. Nilipaka rangi, nikafuta, nikapaka tena. Nilifunga mota ya redio kaseti, ikanguruma vizuri, lakini moyo ukakataa. Nikaona chumba cha dereva kiko kitupu, nikachonga kifungo cha koti, nikakipachika kiwe usukani. Hapo nikaridhika, mjinga mimi.

Sebuleni kwao nikamkuta mjomba wa Zaituni, mgeni kutoka Kigoma, mwisho wa reli kule Tanzania. Akaishika treni, akachungulia kwa dereva, akachungulia tena.

“Kazi nzuri, mkwe,” akasema. “Ila hebu nieleze. Ulipokuwa unaendesha juu ya reli, usukani kama huu ulikuwa unakatia kona ipi?”

Nikajibu haraka: “Ile ya kuingia stesheni, mzee.”

Zaituni ndiye aliyeanza kucheka.