Mwanafunzi Aliyekuja Jumapili

Sinywi pombe, na siku hiyo nilikuwa nimelala vizuri. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu. Tena ilikuwa mchana, katika kliniki ndogo ya kujifungulia huku Eastlands ambako mimi ni muuguzi.

Mwaka jana nililetewa mwanafunzi, Nekesa, mtoto wa Bungoma. Kila mwanafunzi huja na kitabu chake: akifanya kazi ukimwangalia, unatia sahihi. Mimi nilikuwa natia sahihi kurasa kumi kwa mpigo bila kuangalia chochote. Nekesa alikataa.

"Sista, hii ya kukanda tumbo la mzazi sijaifanya mbele yako. Niangalie tu mara moja."

Nikamwambia sina wakati. Uongo mtupu. Tangu nifiwe na mume wangu sikutaka mtu karibu. Muda wake ukaisha, akaenda zake.

Miezi mitatu baadaye, Jumapili, nilikuwa peke yangu. Mama mmoja wa Kware alijifungua salama, kisha damu ikaanza kumwagika haikomi. Nikiacha kukanda tumbo kuzuia damu, atakufa. Nisipomwekea dripu, atakufa. Mikono ni miwili tu. Nikapiga kelele, lakini nani angenisikia?

Mlango ukafunguka. Nekesa, na sare yake.

"Sista, leo utaniangalia?"

"Wewe kanda!"

Akakanda. Mimi nikaweka dripu huku namtazama. Niamini, sijaona mikono yenye ustadi kama ile. Tumbo likakaza, damu ikakata. "Umefanya vizuri sana," nikamwambia, naye akatabasamu. Nikainama kumfunika mama blanketi. Kuinuka, hayupo.

"Huyo msichana ameenda wapi?" mama akauliza. "Mikono yake ni baridi, Sista."

Jioni nikampigia mwalimu wake nimshukuru. Akaniuliza kama sikupata habari. Nekesa aliugua nimonia, akazikwa kwao wiki mbili kabla ya Jumapili hiyo.

Siku hizi sitii sahihi nisichokiona. Wanafunzi wananiita mkali, na wenzangu niliowasimulia haya wanakula chakula chao mbali nami. Nikibaki peke yangu natazama mlango, maana nina maneno ya kumwambia, lakini hajarudi. Upweke huo nimeutafuta mwenyewe.

Basi wewe uliyepewa mwanafunzi, weka kalamu chini usimame karibu naye. Wangu nilimtazama vizuri mara moja tu, na alikuwa keshazikwa.