Jeni Iliyogombanisha Ukoo wa Abdille

Abdille alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, na ulimi wake ulijulikana hadi Liboi. Vinundu vilipomtokea shingoni na kwapani, wenzake walisema ni maneno yaliyokosa pa kutokea. Mwenyewe alicheka nao, mpaka alipokonda hata macawis, kikoi chake, ikawa haishiki kiunoni. Bintiye Ruweyda, aliyekuwa mwalimu, hakucheka. Alimpeleka hospitali.

Daktari Lul alikata kipande cha tezi kikapimwa, kisha akawaambia bila kuzunguka: ni limfoma, saratani ya tezi, ya aina inayokwenda polepole.

"Kabla sijakupa dawa, nataka kipimo kimoja zaidi kutoka Nairobi," alisema. "Kila seli ina jeni inayoizuia isizaane ovyo. Kama yako imeharibika, dawa za kutundikiwa mshipani zitakuchosha bure."

"Ni haki," alisema Abdille. "Hata mimi simnunulii mtu ngamia kabla sijamfungua huyo ngamia mdomo nikaona meno."

"Katika ukoo wenu kuna aliyeugua saratani?"

Swali hilo ndilo lililoleta balaa. Abdille alianza kutaja mababu, na alikuwa amefika kwa wa kumi na moja daktari alipoweka kalamu chini. Kufika Ijumaa, jamaa wote walikwisha kusikia kwamba hospitali inatafuta upande uliomrithisha Abdille jeni mbovu.

Adeer Mursal, yaani ami yake, mdogo wa baba yake, alikuja na bakora kutangaza kwamba watu wa kwao hufa kwa uzee tu, isipokuwa mmoja aliyepigwa teke na ngamia. Abti Kadar, yaani mjomba wake, kaka wa mama yake, alifika kutoka Dadaab, akakataa hata chai.

"Damu yetu ni safi," alisema. "Waulizeni wale wengine."

Wazee hao walikaa pande mbili za mgonjwa, wakarushiana maneno juu ya kichwa chake. Abdille, kwa mara ya kwanza maishani, alinyamaza. Alikuwa akimtazama Ruweyda akimimina chai, akijiuliza kama naye amemwachia kitu hicho mwilini.

Siku ya majibu wazee wote wawili walijibana ndani ya chumba cha daktari.

"Jeni imeharibika," alisema Lul. Adeer akamtazama Abti, Abti akamtazama Adeer. "Lakini ni ndani ya uvimbe tu. Tumelinganisha na seli zako nyingine, nazo ni nzima. Hukuzaliwa nayo."

"Basi binti yangu hakuirithi?"

"Hii, hapana."

"Alhamdulillahi," alisema Abdille, akafuta macho kwa ncha ya kilemba bila kujali nani anamwona.

Wazee walikaa kama watu waliofika arusini nyama imekwisha. "Una hakika, daktari?" aliuliza Abti Kadar. "Hata kidogo, upande wa baba?"

Lul alimwandikia Abdille vidonge vya kila siku badala ya dawa za mshipani. Mwezi wa nne wa dawa hizo vinundu vilikuwa vimenywea kama tende kavu, naye akarudi sokoni. Daktari alimwonya kwamba ugonjwa umetulia tu, haujaondoka, na kwamba lazima aendelee kuja kutolewa damu ya kupimwa. Huja, tena mapema kuliko inavyotakiwa, kwa sababu kwenye foleni ya hospitali amepata watu wasioweza kuondoka anapoanza kuzungumza.