Mama Alipotolewa Kwenye Sinia

Nina mwandiko mzuri, na ndio uliomponza mama.

Mama alikuwa anachambua mkonge kiwandani, anatenga nyuzi zilizokauka na ambazo bado. Kipimo hana. Anaweka nyuzi shavuni. Zikimpa ubaridi, zinarudi kuanikwa. Wenzake wanne hivyo hivyo. Mwaka jana meneja mpya akataka ujuzi huo uandikwe, usije ukapotea wakistaafu. Wakagoma.

"Tukishampa yote, sisi atatuweka wapi? Labda atuanike na sisi," alisema mkubwa wao, wakacheka.

Mama hakukataa wala hakukubali. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nipo tu nyumbani Chumbageni, sina ninachofanya. Nikamwambia, "Mama, wewe sema, mimi naandika." Kusema kweli, nilitaka nionekane nina faida. Karatasi tatu, mistari nimepiga kwa rula. Meneja akazibandika ukutani.

Kesho yake mchana, mama alikuta wenzake wameshalizunguka sinia, mabega yamebanana.

"Mashoga, nisogeleeni basi."

"Aa, karani wetu! Wewe si unakula karatasi?"

Akala peke yake kwenye ngazi, siku ile na wiki zilizofuata. Hakuniambia. Nilijua nilipomwona anaanza kubeba wali wake kwenye kibakuli.

Tulilokuwa hatulijui ni kwamba pale kwenye sinia ndipo waanikaji walipokuwa wakipita na kuacha maneno: leo mzigo wa bondeni umenyeshewa, fungueni katikati. Mama hakuwahi kunitajia hilo niliandike. Kwake zile zilikuwa soga tu. Basi mvua ikanyesha ghafla, wale wanne wakaambiwa. Mama akashika nyuzi za juu, akaweka shavuni, kavu. Akapitisha. Ndani zilikuwa zimelowa chepechepe. Robota zima la nyuzi likaota ukungu, mteja akalirudisha.

Mama aliporudi kutoka kwa meneja, alinisimulia huku anavua viatu, haniangalii.

"Nikamwambia, baba, mimi sikuambiwa. Akanyoosha kidole ukutani. 'Mbona hapa hamkuandika kwamba mpaka mtu aambiwe?'"

"Ukamjibuje?"

Akaviweka viatu nyuma ya mlango, akaenda kuosha kibakuli.

Barua ya kuachishwa kazi ilikuja Jumatatu. Mama herufi ndogo zinamsumbua, akanipa mimi. Niliisoma harakaharaka, kwa sauti ya chini. Akaniambia nirudie, polepole, kwani hakusikia vizuri.