Siku Niliyoikataa Posa Yetu Wenyewe

Naitwa Anselimi, mkulima wa ndizi na kahawa, nyumbani Kamachumu. Nimeombwa niwaeleze nyinyi mliokuja kliniki leo jinsi nilivyougua na jinsi nilivyopona. Mke wangu Pelagia ameketi pale nyuma ili anirekebishe, kwa sababu katika sehemu kubwa ya habari hii mimi sikuwepo. Mwili wangu ulikuwepo, na ulifanya mambo, lakini mimi mwenyewe sikuwepo.

Kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kusemea watu. Familia ikiwa na posa, au msiba, au ugomvi wa mpaka wa kibanja cha migomba, walikuwa wananiita nisimame niseme. Pelagia anasema alipoolewa aliona nyumbani hakuna redio, na baada ya wiki moja akaelewa kwa nini.

Kisha nikaanguka na pikipiki kwenye mteremko wa kwenda Muleba, nikiwa nimefunga mkungu wa ndizi nyuma. Mkungu haukupata hata mchubuko. Mimi kichwa kiligonga karavati. Jeraha lilipona, lakini miezi kadhaa baadaye nikiwa kanisani, wakati wa kupeleka vipaji altareni, nikaanguka. Nilikakamaa, nikatetemeka, nikatokwa na povu, nikajikojolea katika suruali yangu ya Jumapili. Nilipozinduka, mabenchi yote ya jirani yalikuwa matupu. Waumini walikuwa wamehamia upande wa wanakwaya, nao wanakwaya wamehamia nje. Aliyebaki ni Pelagia. Alikuwa amenilaza ubavu na kunifunika kitenge.

Kliniki walisema ni kifafa kilichotokana na lile jeraha. Wakanipa fenobabitoni. Ilisaidia kiasi, lakini bado nilikuwa naanguka mara moja moja, kwa hiyo wakaongeza dawa ya pili inayoitwa valproeti. Hiyo ndiyo iliyonirudishia maisha. Nilikaa muda mrefu bila kuanguka. Nikapanda tena juu ya ngazi kuvuna kahawa, Pelagia akiwa chini ameshika ngazi na rozari. Kisha nikaanguka mara moja tena, daktari akaongeza kipimo cha valproeti kidogo, na hapo ndipo Kwaresma ikaingia.

Nataka mnielewe. Niliona Mungu amenitendea mema, nikaamua kufunga kuliko mwaka wowote. Asubuhi chai ya rangi. Mchana sili kitu. Jioni ndizi chache na maharage kidogo. Nyama, samaki na maziwa nikaviacha kabisa. Dawa nilimeza kama nilivyoagizwa. Kwamba kufunga na dawa vinaweza kugombana ndani ya mtu, hilo halikunijia akilini, na sikumwuliza yeyote.

Nikaanza kusinzia. Nilisinzia nikipalilia, nimeshika jembe, wima. Nikawa natapika asubuhi. Mikono ikatetemeka, kikombe kikawa kinanimwagikia. Jumuiya yetu ikaja kusali nyumbani, nikakaa nimekodoa macho ukutani bila kusema neno kuanzia mwanzo hadi mwisho. Walipotoka, mwenyekiti akamwambia Pelagia, "Mzee wako mwaka huu amezama katika sala."

Pelagia akajibu, "Amezama, ndiyo. Leo asubuhi ameniamkia shikamoo mama."

Alitaka twende kliniki. Nikamwambia, nasikia, kwamba Yesu hakwenda kliniki. Akasema tutakwenda Jumatatu, nipende nisipende. Lakini Jumamosi tulikuwa na safari ya Rwamishenye, Bukoba mjini.

Mtoto wa dada yangu, Fidelisi, alikuwa amepata mchumba. Binti anaitwa Kemilembe, ni tabibu katika kituo cha afya huku Muleba, na wazazi wake ni Walutheri wa Rwamishenye. Kwa kuwa ilikuwa Kwaresma tulikubaliana iwe ziara ya kimya, ya kupeleka neno tu. Msemaji wetu ni mimi. Nani tena angekuwa?

Yaliyofuata nimesimuliwa na Fidelisi na Pelagia, na wote wawili wanasimulia sawasawa, ila Fidelisi hacheki.

Tulipokelewa vizuri. Tukaketi upande wetu, wenyeji upande wao, tukapewa kahawa za kutafuna. Kemi alikuwa chumbani na shangazi yake, akisubiri kuitwa, kama ilivyo desturi. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Ishengoma, mtu mpole mwenye koti la kijivu.

"Karibuni waitu," alisema, kwa lile neno letu la heshima. "Tuelezeni neno lililowatoa Kamachumu."

Nikasimama nimeshika mgongo wa kiti. Kisha nikasema, "Waitu, tunawashukuru kwa kuja kututembelea."

Wakacheka kidogo. Wageni tulikuwa sisi.

Nikaendelea. "Tumewasikia. Mnamtaka binti yetu. Sisi kama familia tumekaa, tumeshauriana, na jibu letu ni hapana."

Mzee Ishengoma akatabasamu. Alidhani ni ufundi, namna mpya ya kuposa. Akaamua kunifuata. "Na sababu yenu ni ipi, waitu?"

"Kijana mwenyewe simwamini," nikasema. "Namjua tangu mdogo. Amekojoa kitandani mpaka darasa la nne."

Pelagia anasema tatizo ni kwamba ilikuwa kweli.

Baba yake Fidelisi, shemeji yangu Laurenti, akanivuta shati. "Shemeji, uko upande gani?"

"Upande wa binti," nikamjibu. "Nyinyi mko wengi, yeye hana mtu wa kumtetea."

Laurenti akasimama, akaninusa mdomo mbele ya wakwe. Akamgeukia Pelagia. "Ametoka kwa nani kunywa rubisi?"

"Tangu Jumatano ya Majivu hajanywa hata maziwa," Pelagia akasema.

Mlango wa chumba ukafunguka. Kemi akatoka na kitenge kikivutika nyuma yake, kwa sababu ncha nyingine ilikuwa mkononi mwa shangazi.

"Kemi, bado hujaitwa," shangazi akasema.

"Nitarudi ndani, shangazi, mkiniita nitatoka vizuri."

Akapiga magoti mbele yangu, akaniamkia. Nami nikamwuliza kama yeye ndiye mama wa binti. Hakucheka. Akauliza, "Baba anatumia dawa gani?" Pelagia akazitoa kwenye mkoba. Kemi akazisoma, akauliza nakula nini, akaambiwa nimefunga. Akaniambia, "Baba, nyoosha mikono mbele, inua viganja kama unasimamisha gari." Nikanyoosha. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka vyenyewe, vinapigapiga kama kuku anayejaribu kuruka ua.

"Hii siyo pombe," Kemi akawaambia. "Huyu mzee anapoteza fahamu. Tafuteni gari sasa hivi."

Kwenye gari nilitapika juu ya koti la Laurenti, ambalo hata halikuwa lake. Tulipofika hospitali hapo Bukoba nilikuwa nimelala usingizi wa ajabu. Walinifinya, wakanisugua kifua kwa vifundo vya vidole, sikuamka. Hapa Pelagia huwa hacheki. Aliketi miguuni pa kitanda changu ameshika mguu wangu, kwa sababu mikono ilikuwa na sindano. Muuguzi akamwuliza kama kuna watoto walio mbali wa kupigiwa simu. Pelagia anasema aliupenda ule mguu kuliko alivyonipenda siku ya harusi yetu, ingawa ulikuwa na matope ya Rwamishenye.

Daktari alikuwa mama mmoja mwembamba, mwenye subira. Alipima malaria, hakuna. Alipima ini, zuri. Kemi, aliyekuja nasi garini, akamweleza anachokishuku, na yule daktari akasema naye anashuku hicho hicho. Damu yangu ikatolewa, ikagandishwa, ikafungwa kwenye barafu kama sato, ikapelekwa Mwanza kwa ndege. Mimi mwenyewe sijawahi kupanda ndege. Hawakungoja majibu. Waliisimamisha valproeti, wakanitundikia maji ya sukari, na kwa mpira uliopita puani wakaniingizia dawa tamu ya majimaji.

Pelagia akaomba aelezwe. Daktari akavuta kiti. "Mama, dawa hii ya mzee, ukiitazama ilivyoumbwa, yenyewe ni jamii ya mafuta. Ndiyo maana inaweza kuingia mahali ambapo mafuta huingia. Ubongo nao sehemu yake kubwa ni mafuta. Kuta za chembe zake ni mafuta yanayovunjwa na kujengwa upya kila wakati, na moja ya mambo ambayo dawa hii hufanya humo ni kupunguza kasi ya kazi hiyo. Huenda ndiyo sababu mojawapo inatuliza kifafa. Wataalamu hawajamaliza kubishana."

"Basi si ni nzuri," Pelagia akasema.

"Ni nzuri. Lakini mtu asipokula, mwili huanza kuchoma mafuta yake. Kila chembe ina jiko lake dogo, na mafuta mengi hayaingii jikoni bila mbebaji. Mbebaji huyo anaitwa kanitini, na kwa sehemu tunampata kwenye nyama na maziwa. Mzee ameacha nyama na maziwa, na hapo hapo dawa imewakamata wabebaji waliobaki. Jiko limevurugika. Na ini, ambalo kazi yake nyingine ni kusafisha amonia, likashindwa kuisafisha."

"Amonia ni nini?"

"Mnafuga ng'ombe? Ile harufu ya mkojo inayochoma pua zizini."

Pelagia akafikiri. "Kwa hiyo kichwani mwake sasa hivi kuna zizi."

"Tunalifagia, mama," daktari akasema.

Majibu yalirudi kutoka Mwanza yakisema hivyo hivyo, na kanitini ya dawa ikaja kutoka huko huko. Padre naye alifika kunipaka mafuta ya wagonjwa. Pelagia, ambaye sasa alikuwa na elimu, alimwuliza daktari kwanza kama hayo mafuta hayatazidisha tatizo.

Kuhusu ile dawa tamu, nitasema ukweli wote kwa sababu wengine wenu mtapewa. Inatoa amonia kwa njia ya choo. Inaitoa hasa. Walinivika nepi, na neno langu la kwanza nilipozinduka lilikuwa, "Nani amenivalisha hii?" Pelagia akaanza kulia, kisha akacheka, kisha akavifanya vyote viwili pamoja mpaka muuguzi akaja kuangalia kama naye anahitaji kitanda. Siku zilizofuata alikuwa ananikimbiza chooni nimeegemea bega lake, na mara nyingine tulifika.

Mikono ilitulia kwanza. Kisha majina yakarudi: la Pelagia, la mbuzi wangu, la Laurenti mwishoni. Daktari akanipa dawa nyingine ya kifafa isiyo ya ukoo huo wa mafuta. Nilimwambia ile valproeti nitaitupa ziwani. Akanikatalia kuisema vibaya. "Imewainua watu wengi mno," alisema, "na wewe ilikuinua. Ilikuwa imeongezwa, ikakutana na dawa nyingine, na njaa, kwa wakati mmoja. Na ungeiacha ghafla mwenyewe nyumbani, kifafa kingeweza kukuua kabla ya hiyo amonia."

Baada ya Pasaka tulirudi Rwamishenye. Sikutaka kwenda. Mzee Ishengoma alituma neno kwamba bila mimi hatazungumza na mtu. Tulipoingia nikakuta kiti changu kimewekwa upande wao. "Huyu ni msemaji wetu," akawaambia watu wangu, "alimtetea binti yetu alipokuwa hana mtu." Ilibidi Laurenti aniombe mpwa wangu mwenyewe akubaliwe. Nilimfanya aseme kwa muda mrefu. Kemi sasa ni mke wa Fidelisi, na kila Kwaresma inapokaribia hunipigia simu kuniuliza nitakula nini.

Namshukuru Mungu, namshukuru huyo binti aliyetoka kabla hajaitwa, namshukuru daktari, na huyu mama aliyekaa nyuma. Nawaomba mambo machache. Ukitaka kufunga na unameza dawa, mwulize aliyekuandikia kwanza. Padre wangu ameniambia mgonjwa hadaiwi mfungo. Usiache dawa ya kifafa kwa uamuzi wako. Na mgonjwa wenu akianza kusinzia, kutapika na kusema ovyo, msimnuse mdomo tu mkaridhika. Mpelekeni. Nanyi kina mama ambao bado mko katika umri wa kuzaa, mkiandikiwa valproeti, ongeeni na daktari mapema, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Jambo la mwisho. Mara ya mwisho nilipokuja kliniki hapa, mama mmoja kutoka Nyanga alikuwa amemleta binti yake, ambaye alikuwa haonekani nje tangu alipoanguka darasani. Binti akaketi karibu nami kwenye foleni. Akaniuliza polepole, "Babu, na wewe unaanguka?"

"Nilikuwa naanguka," nikamwambia.

Akanitazama vizuri, kuanzia kofia hadi viatu. "Na mimi nitarudi shule?"

Nikamwambia hilo silijui, ila tunaweza kwenda kuuliza. Jina lake lilipoitwa tuliinuka watatu, mama yake, yeye na mimi, tukaingia kuuliza.